Kumuuliza Mungu Kabla ya Kuamua: Mwongozo wa Siku Kumi

Kijana mmoja wa usharika wetu hapa Moshi, fundi wa kuchomelea vyuma, alinifuata jumuiya ilipokwisha. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ulikuwa mkataba wa kazi Muscat, Oman, miaka miwili.

"Shikamoo mama. Mungu amenifungulia mlango. Naomba tu uniombee nipate uhakika."

"Marahaba, mwanangu. Unatakiwa ujibu lini?"

"Jumatatu."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mkewe alikuwa na mtoto wa miezi minane.

Mimi ni mzee wa kanisa, na hili ndilo jambo linaloletwa kwangu kuliko jingine lolote: kuoa au kuolewa, kukopa, kuhama, kuacha kazi, kununua ardhi, na ndani yake swali lile lile, nitajuaje Mungu anataka nini? Naamini kwa moyo wote kwamba Mungu huongoza watu wake. Lakini nimeona pia kwamba wengi wetu humwendea na swali ambalo silo, kwa haraka, na tukiwa tumekwisha kuamua. Hapa naandika njia ninayopita na watu. Andaa Biblia, daftari, kalamu, na siku kama kumi. Kwa nini kumi, utaona.

Kwanza: pata muda

Kabla hujaomba chochote kwa Mungu, omba muda kwa watu. Yule kijana nilimwambia ampigie wakala wa ajira saa ile ile, mbele yangu, aombe wiki moja zaidi. Alipewa. Hakuamini, maana alikuwa ameambiwa nafasi zinakwisha.

Yapo mambo ya dharura kweli: mgonjwa yuko mapokezi, daktari anasubiri sahihi. Hapo unasali kwa pumzi moja unaamua, na Mungu yupo. Lakini ndoa si dharura, kiwanja si dharura, wala mkopo. Mtu akikusukuma uamue leo jambo utakalokaa nalo miaka, liandike hilo nalo kwenye daftari, kwa sababu ni habari muhimu kuhusu jambo lenyewe na kuhusu yeye.

Pili: andika swali kwa sentensi moja

Wengi huona hatua hii ni ya kitoto, wanaruka. Usiruke. Kijana aliandika: "Niende Muscat au nisiende?" Nikamwuliza, kwa nini Muscat? Mshahara. Mshahara wa nini? Akakaa kimya kidogo, kisha akasema alikopa kwenye kikoba shilingi 2,800,000 kununua mashine na vyuma vya mageti, mteja mkubwa hakulipa, na sasa kila wiki akikutana na wanakikundi anainamisha kichwa. Basi akafuta, akaandika chini yake: "Nifanye nini na deni la 2,800,000 huku nina mke na mtoto mdogo?"

Sasa tazama tofauti. Swali la kwanza lina majibu mawili tu. La pili lina majibu mengi, na Muscat ni moja kati yake. Mara nyingi tunamwomba Mungu achague kati ya milango miwili tuliyoichora wenyewe, halafu tunashangaa kwamba ametunyamazia.

Kwa hiyo andika swali, kisha jiulize "kwa nini" mara tatu au nne, ukiandika kila jibu. Utakapofika mahali unaona aibu kidogo kuendelea kuandika, umekaribia swali lenyewe.

Tatu: toa yale ambayo Mungu alikwisha kuyasema

Kuna mambo hayahitaji kufunga wala kukesha. Dada hana sababu ya kumwomba Mungu ishara kama aolewe na mume wa mtu. Kaka hana sababu ya kuombea hongo ipite salama. Paulo anaandika waziwazi katika 1 Wathesalonike 4:3 kwamba mapenzi ya Mungu ni kutakaswa kwetu, tujiepushe na uasherati, na katika sura ya 5 kwamba kushukuru kwa kila jambo ni mapenzi ya Mungu. Sehemu kubwa ya mapenzi ya Mungu imekwisha kuandikwa, na asiyefanya ile inayojulikana ana haki gani ya kudai ile iliyofichika?

Chukua ukurasa mpya, andika: "Katika jambo hili, ninachojua tayari Mungu anataka." Kijana aliandika mistari mitatu. Nilipe deni, maana ni haki ya watu. Nitunze walio wangu, 1 Timotheo 5:8. Nisiseme uongo. Huo wa tatu ulimgusa baadaye, kwa sababu kwenye fomu wakala alikuwa amemjazia kwamba hajaoa.

Onyo dogo juu ya kusoma. Usifungue Biblia kwa kubahatisha ukaweka kidole ukasema umepata neno. Wala usichomoe mstari mmoja ukauacha ukining'inia. Yeremia 29:11, "mawazo ninayowawazia ninyi," tunauandika kwenye kadi za harusi na za mahafali. Lakini uliandikwa katika barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na barua hiyo hiyo iliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji uliowafunga, kwa kuwa watakaa huko miaka 70. Wengi walioisikia walikufa kabla ya kurudi. Soma sura nzima, na endelea na usomaji wako wa kila siku pale ulipofikia. Mimi nimepata mwanga zaidi katika sura niliyoifikia kwa zamu yake kuliko katika mstari niliouwinda.

Nne: upime moyo kabla ya kupiga magoti

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo tunapoanguka.

Katika Yeremia 42, Yerusalemu imebomolewa, watu waliosalia wameingiwa na hofu ya Wakaldayo, yaani Wababeli, na wamekwisha kupiga kambi karibu na Bethlehemu, njia ya kwenda Misri. Ndipo wanamwendea Yeremia: tuombee, Mungu wako atuonyeshe njia, na liwe jema liwe baya tutatii. Maneno mazuri sana. Yeremia anaomba. Siku moja, kimya. Siku tatu, kimya. Neno linamjia baada ya siku kumi. Nabii mzima, aliyeitwa tangu tumboni mwa mama yake, alisubiri siku kumi. Jibu likawa: msiende Misri, kaeni katika nchi hii. Katika sura ya 43 wanamwambia usoni, unasema uongo. Wakaenda Misri, na Yeremia wakamchukua pamoja nao.

Mizigo yao ilikuwa imeelekea Misri tangu mwanzo. Waliomba baraka juu ya safari, wakaiita kuomba uongozi.

Basi jipime hivi. Kaa peke yako, funga mlango, useme kwa sauti: "Bwana amesema nenda." Nyamaza, sikiliza moyo wako ulivyofanya. Kisha sema: "Bwana amesema usiende." Sikiliza tena. Kama moja ya sentensi hizo inakupandisha hasira, au unaanza kutunga hoja za kumshinda Mungu, hujawa tayari kuuliza. Hilo si dhambi ya kukufukuza mbele zake. Mwambie tu: "Bwana, nataka sana kwenda, siwezi kukusikia vizuri. Nisaidie kwanza kutaka unachotaka wewe." Bwana Yesu mwenyewe Gethsemane alisema anachotamani, kikombe kiondolewe, ndipo akasema si mapenzi yangu, bali yako yatendeke. Hakuficha kwanza matamanio yake.

Kijana alisema sentensi ya pili machozi yakamtoka. Alikuwa amekwisha kuwaambia rafiki zake wote gereji kwamba anaondoka.

Tano: omba kwa mpangilio

Saa ile ile, mahali pale pale, kila siku kwa siku zote hizo. Kwangu ni alfajiri kabla jogoo wa jirani hajaamsha mtaa. Anza na Yakobo 1:5, "Lakini mtu wa kwenu akipungukiwa na hekima, na aombe dua kwa Mungu." Ona kwamba kilichoahidiwa hapo ni hekima. Mungu anataka mtoto anayekomaa, anayejua kupambanua, na ndiyo maana mara nyingi anatupa macho kabla ya kutupa ramani.

Soma swali lako kwa sauti, omba, kisha kaa kimya dakika kumi. Andika lililokujia, hata kama ni "kamlipe mama wa genge elfu tano zake." Mara nyingi hilo ndilo jibu la siku hiyo, na ukilitii, la kesho linakuwa karibu. Kama unafunga, funga kwa akili: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye kisukari, mama mjamzito au anayenyonyesha, Mungu hahitaji uzimie ili akusikie. Funga simu badala yake.

Sita: chunguza mkate

Sasa niseme langu. Miaka kadhaa nyuma nilitaka kiwanja huko tambarare, upande wa Boma Ng'ombe. Nilifunga siku tatu. Nilipata amani kubwa, nikalipa shilingi 4,500,000 kwa mtu aliyejitambulisha kwa jina la Bwana, tena tulisali pamoja kabla ya kuhesabu fedha. Nilipopeleka fundi aweke mawe ya msingi, tulimkuta mama mwingine anapalilia mahindi palepale, ana karatasi zake, na za kwake zilikuwa za zamani kuliko zangu. Sikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuuliza. Sikuwauliza majirani wa mipaka. Sikufika ofisi ya ardhi ya wilaya. Niliona kufanya hivyo ni kukosa imani.

Katika Yoshua 9, Wagibeoni walikuja na mkate mkavu wenye ukungu na viriba vilivyopasuka, wakasema wametoka nchi ya mbali, kumbe walikuwa majirani. Waisraeli wakatwaa katika vyakula vile, wasimwulize Bwana. Wao walitazama mkate wakaacha kuuliza. Mimi niliuliza nikaacha kutazama mkate. Hasara ni ile ile. Na Bwana Yesu katika Luka 14:28 anasema mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Kuketi na kuhesabu ni sehemu ya kumtii.

Kwa jambo la Muscat tulitoka na orodha: Wakala amesajiliwa? Hilo waulizwe ofisi ya kazi au TaESA, huduma ya ajira ya serikali. Mkataba umeandikwa kwa lugha gani, na wa Kiarabu unasema sawa na huu wa Kiingereza? Pasipoti itakaa kwa nani? Akiumia kazini nani analipa? Akitaka kuondoka kabla ya miaka miwili inakuwaje, maana katika nchi nyingi za Ghuba utaratibu wa kafala humfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini? Mshahara ukitolewa nauli na makato, deni litaisha mwezi wa ngapi? Na upande wa pili pia: akibaki, mageti mangapi kwa mwezi yanalipa deni hilo? Alikuwa hajawahi kuhesabu. Tulipohesabu kwenye daftari, ilikuwa miezi kumi na minne ya kujibana, si miaka mitano kama alivyokuwa akiogopa usiku.

Kwa ndoa, chunguza vivyo hivyo: nyumbani kwao anaongeaje na mama yake, ana madeni gani, ana mtoto mahali? Kapimeni afya pamoja. Mtumishi wa Mungu asikukataze maswali hayo.

Saba: watu watatu

Tafuta watatu. Mmoja anayelijua Neno, mmoja aliyewahi kupita njia hiyo hiyo, na mmoja ambaye atabeba matokeo pamoja nawe. Mithali 15:22 inasema pasipo mashauri makusudi hubatilika. Lakini wingi peke yake hautoshi: Ahabu alikuwa na manabii kama 400 waliomwambia apande Ramoth-Gileadi, na mmoja tu, Mikaya, aliyemwambia kweli, naye mfalme alikuwa akimchukia (1 Wafalme 22). Katika watatu wako awepo Mikaya.

Wazee wetu wa uamsho wa Afrika Mashariki walilijua hili. Tangu Mganda Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Mwingereza Joe Church walipokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, na moto ule ukawaka Gahini, Rwanda, kisha ukaingia Bukoba na sehemu nyingine za nchi yetu, ndugu walizoea kuleta mambo yao nuruni: uchumba, safari, hata ununuzi. Mtu alisimama katikati ya ndugu akasema nia yake pamoja na tamaa iliyojificha ndani yake. Ilikuwa na hatari zake, wapo waliobebeshwa maamuzi ya kikundi badala ya dhamiri zao. Ila tumetupa kitu cha thamani tulipobaki kila mtu na Mungu wake chumbani.

Namna ya kuuliza ni hii: eleza jambo, soma swali lako, kisha uliza "unaona nini ambacho mimi sikioni?" Usianze na "Mungu ameniambia." Ukisema hivyo umeshamfunga mwenzako mdomo, maana atapingana vipi na Mungu? Neno hilo ni zito, liweke mwisho, na pengine usiliseme kabisa.

Na yeyote anayedai sadaka maalumu ili akuonee maono ya ndoa yako au safari yako, ondoka. Balaamu naye aliletewa ujira wa uganga, Hesabu 22, na unajua alivyosimamishwa njiani na punda.

Nilimwuliza kijana, "Mkeo anasemaje?" Akatazama chini. Hakuwa amemwambia. Alitaka kwanza awe na uhakika kutoka kwa Mungu. Nikamwambia aende nyumbani, tusiendelee mpaka wamezungumza.

Nane: ishara, amani na milango

Vyote hivi Mungu huvitumia. Hakuna hata kimoja kinachosimama peke yake.

Gideoni na ngozi yake ya kondoo, aliyoiweka nje usiku kumwomba Mungu ishara (Waamuzi 6), watu humchukulia kama kielelezo, ila Gideoni alikuwa amekwisha kuambiwa la kufanya. Ngozi ilikuwa ya udhaifu wake, na Mungu kwa upole akamchukulia. Mlango uliofunguka nao si amri. Paulo anaandika katika 2 Wakorintho 2:12-13 kwamba alifika Troa akafunguliwa mlango katika Bwana, lakini hakuwa na raha rohoni kwa kuwa hakumwona Tito ndugu yake, akawaaga akaenda zake Makedonia. Mlango wa Bwana mwenyewe, na akaupita, kwa ajili ya ndugu mmoja! Nilimsomea kijana mstari huo mara mbili.

Na amani? Yona alilala usingizi ndani ya merikebu akimkimbia Mungu. Yesu alitoka jasho kama matone ya damu akimtii. Amani ninayoiamini ni ile inayobaki baada ya kuchunguza mkate na kusikia wa kukupinga, ikiwa bado ipo asubuhi ya siku ya kumi.

Tisa: amua, uandike tarehe

Watu wengine husubiri sauti mpaka muda unapita, wakaita hiyo subira. Paulo na wenzake walizuiliwa Asia, wakazuiliwa Bithinia, Paulo akaona maono usiku, ndipo katika Matendo 16:10 wakakata shauri pamoja wakaondoka. Mtaguso wa Yerusalemu, yaani mkutano wa mitume na wazee (Matendo 15), uliandika, "ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi." Na sisi. Walijadiliana, wakaamua, wakaandika barua.

Ikiwa umefika mwisho na njia mbili zote ni safi, zote zina hekima, washauri hawajaona tatizo, basi chagua uipendayo. Juu ya mjane anayetaka kuolewa tena Paulo anasema yu huru kuolewa na mtu amtakaye, katika Bwana tu (1 Wakorintho 7:39). Kuna baba anayefurahi kuona mtoto wake akichagua.

Andika: nimeamua nini, kwa sababu zipi, tarehe gani, na lini nitaliangalia tena. Ongeza "Bwana akipenda," Yakobo 4:15. Mambo yakiwa magumu mwezi wa tatu, usikimbilie kusema ulikosea. Rudi usome sababu zako. Paulo na Sila walitii maono ya Makedonia, wakaishia Filipi wamepigwa fimbo na miguu ikiwa kwenye mkatale. Na ukigundua ulikosea kweli, tubu, rekebisha kinachorekebishika, endelea. Kiwanja changu sikukipata tena, lakini yule mama wa mahindi sasa tunasali jumuiya moja.

Kijana na mkewe walikuja kwangu Ijumaa ya wiki ya pili, mtoto mgongoni. Hakuenda Muscat. Alikwenda kwa wanakikundi akaomba alipe kwa awamu, wakakubali baada ya maneno makali. Nafasi ile alipewa mwingine wa gereji hiyo hiyo, na anasema kazi ni nzuri, anatuma fedha nyumbani. Kijana aliposikia hayo ilimuuma, akaja tukasali juu ya maumivu hayo. Deni limebaki laki sita.

Juzi alirudi na daftari lile lile. Amepata tenda ya mageti ya shule, wanataka atangulize vyuma kwa fedha zake. Alifungua ukurasa mpya akaniwekea mezani. Swali lilikuwa juu, sentensi moja, na safari hii lilikuwa kwa mwandiko wa mkewe.